Pointi Ngapi Zinaitosha Familia? Hesabuni Siku Kabla ya Vichwa

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na baba mmoja, Mtanzania anayeishi karibu na Dallas, aliyekuwa amerudi kutoka Orlando, Florida, siku tatu zilizotangulia akiwa na mkataba wa nyumba ya likizo ya zamu, ile ambayo Waswahili wa Marekani tumezoea kuiita taimushea: unanunua haki ya kulala huko kila mwaka, inayopimwa kwa pointi, na kila mwaka unalipa ada ya matunzo. Hakuniuliza kama alifanya vyema kununua. Aliuliza hivi: "Dada, sisi tuko watano, na mama yangu huja kututembelea kila baada ya miaka michache. Wametuambia pointi 240 kwa mwaka ndizo saizi ya familia ya watu sita. Zitatutosha, au tuongeze?" Kwa miaka kumi na sita nimekuwa nikiwasomea watu mikataba hii, na kabla ya hapo nilihudumu mapokezi katika hoteli moja ya aina hiyo, na swali hili nimelisikia kwa maneno yaleyale mara nyingi mno. Safari hii nimeona niliandikie, kwa sababu imani kwamba ukubwa wa umiliki hufuata idadi ya vichwa inazigharimu familia zetu fedha kila mwaka bili ya ada inapoingia.

Suala la vichwa nitalimaliza haraka, kwa kuwa halina uzito linaopewa. Idadi ya watu huamua aina ya nyumba mtakayolala, basi. Hata hapo, soma tarakimu mbili, usisome moja. RCI, kampuni inayowawezesha wamiliki kubadilishana wiki zao, iliyoanzishwa mwaka 1974 jimboni Indiana, huonyesha uwezo wa nyumba kwa namba mbili: nyumba yenye alama ya 6 na 4 inachukua watu sita, lakini wanne tu ndio wanaolala kwa faragha, na wawili waliobaki watajinyoosha kwenye kochi la sebuleni. Sijawahi kumwona Mswahili akimlaza mama yake mzazi kwenye kochi, kwa hiyo bibi atapewa kitanda na wajukuu wawili watahamia sebuleni, na nyumba hiyo ya vyumba viwili itawatosha. Miaka ambayo bibi hayupo, itawatosha zaidi. Kununua nyumba ya vyumba vitatu kwa ajili ya mgeni anayekuja mara moja katika miaka mitatu ni kulipia kitanda kitupu.

Kinachoamua kiasi ni mambo mawili: mnalala huko siku ngapi kweli, na mnakwenda msimu gani. Pointi ni kipimo kinachobadilika thamani kulingana na kalenda. Chumba kilekile, chenye dirisha lilelile, kinaweza kudai karibu mara mbili ya pointi wiki ya Krismasi ukilinganisha na wiki ya katikati ya Septemba. Muuzaji anapokuambia kwamba pointi fulani ni "wiki moja", muulize ni wiki ya tarehe ngapi. Familia yenye watoto wadogo wasioanza shule hununua kwa bei ya Septemba, hufurahia miaka mitatu, kisha mtoto wa kwanza anaanza darasa la kwanza na ghafla pointi zilezile zinawapa siku nne. Kwa hiyo piga hesabu yako kwa kalenda ya shule ya wilaya yenu tangu siku ya kwanza, hata kama mtoto bado yuko mgongoni.

Baba huyu wa Dallas alipimiwa wiki ya Krismasi, ndiyo maana zikatajwa 240. Nilipomuuliza mara ya mwisho walisafiri lini wakati wa Krismasi, alinyamaza kidogo, kisha akasema hawajawahi, kwa sababu mke wake ni muuguzi na sikukuu ndizo siku ngumu za zamu zake. Wao husafiri Julai. Kwa jedwali la mkataba wao, wiki ya Julai katika nyumba ya vyumba viwili ni pointi 180. Pointi 60 za ziada kila mwaka zilikuwa za likizo ambayo familia hii haijawahi kuichukua.

Lakini jambo linaloniudhi kuliko yote ni lile ambalo wauzaji hawaliulizi, na sisi wenyewe hatulisemi: mwaka wa kwenda nyumbani. Familia zetu hazifanani na ile iliyochorwa kwenye kipeperushi. Kila baada ya miaka miwili au mitatu tunakusanya likizo yote, tunanunua tiketi tano za Kilimanjaro, Nairobi au Dar es Salaam, tunakaa wiki nne, tunarudi tukiwa hatuna siku hata moja ya mapumziko wala shilingi ya kuchezea. Mwaka huo nyumba ya Florida haitakuona. Ada ya matunzo itadaiwa vilevile. Nimewahi kukaa na familia iliyolipa ada miaka sita na kulala huko mara mbili, na hawakuwa wazembe. Walikuwa watoto wema waliokwenda kuzika, kuozesha na kuwaona wazazi wao. Kosa lilikuwa kwamba aliyewapimia hakuwauliza, nao wakaona haya kueleza mambo ya ukoo mbele ya mgeni.

Mwaka huo ukiingizwa katika hesabu, jibu hubadilika kabisa. Mipango mingi ya pointi huruhusu kuweka akiba pointi za mwaka huu zitumike mwakani. Chukua familia hii: mwaka wa kwanza wanakwenda nyumbani, mwaka wa pili na wa tatu wanataka wiki ya Julai, pointi 180 kila mara. Jumla ni 360 kwa miaka mitatu, yaani 120 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza wanaweka akiba zote 120. Mwaka wa pili wana 240, wanatumia 180 wakianza na zile za akiba, na 60 zinazobaki wanazisogeza mbele. Mwaka wa tatu wana 180, sawasawa na wanachohitaji. Kwa ada ya dola 9 kwa pointi, kama ilivyoandikwa katika mkataba wao, pointi 240 zingewagharimu dola 2,160 kwa mwaka na pointi 120 zingewagharimu dola 1,080. Tofauti ya miaka mitatu ni dola 3,240, na sijataja bei ya kununulia wala riba ya mkopo wa muuzaji.

Hesabu hii inadai nidhamu, na hapo sitaki kumdanganya mtu. Akiba ina tarehe ya mwisho. Katika Disney Vacation Club, mpango wa taimushea wa kampuni ya Disney ulioanza mwaka 1991, pointi sharti ziwekwe akiba ndani ya miezi minane ya mwanzo ya mwaka wa matumizi, yaani miezi 12 tangu pointi za mwaka zitolewe, na zikishawekwa haziwezi kusogezwa tena mwaka mwingine. Pia huko mmiliki hupata kuweka nafasi katika hoteli yake mwenyewe miezi 11 kabla, na katika hoteli nyingine miezi 7 kabla, kwa hiyo anayeamka mwezi wa Mei kutafuta wiki ya Julai atakuta wenzake wameshamaliza, hata awe na pointi elfu moja. Kama katika nyumba yenu hakuna mtu wa kushika kalenda, pointi nyingi hazitawasaidia. Kwa watu wa namna hiyo napendekeza mkataba wa mwaka mmoja kuruka mwingine, wa miaka ya witiri au ya shufwa. Hauna unyumbufu mkubwa, lakini ada yake ni takriban nusu na unalingana na safari za nyumbani.

Nikifika hapa huambiwa: "Zinazobaki tutapangisha." Ndugu zangu, fikirini. Siku zitakazowabakia ndizo siku zilizowabakia wamiliki wengine wote, yaani za msimu mfu, na mtashindana nao pamoja na hoteli yenyewe inayouza vyumba vilevile kwa matangazo makubwa. Siku zinazopangishika kwa urahisi ni zile ambazo ninyi wenyewe mnazitaka. Mikataba mingi tena inakataza upangishaji wa kibiashara. Sijasema haiwezekani, wapo wanaoifanya vizuri, lakini kwao imekuwa kazi, na ninyi mlitafuta mapumziko. Ziada ihesabuni kuwa mzigo, kwa sababu hata mchango wa dharura unaotozwa baada ya kimbunga kuharibu paa hugawanywa kwa kufuata ukubwa wa umiliki. Mwenye sehemu kubwa hulipa zaidi.

Kuna mahali ambapo kanuni yangu inanitia shaka. Familia husafiri pamoja kwa kipindi kifupi: tangu mtoto wa mwisho aweze kutembea hadi wa kwanza aende chuo, pengine miaka kumi au kumi na miwili. Hesabu ya wastani inaichukulia miaka yote kuwa sawa, nayo si sawa. Ninao wateja niliowapunguzia umiliki kwa hoja nzuri za fedha, na miaka mitano baadaye mama mmoja akaniambia kwamba ile wiki ya pili waliyoiacha ndiyo ambayo wangekuwa na binti yao kabla hajaondoka nyumbani. Sikuwa na jibu. Wapo pia watu ambao hawapumziki mpaka wawe wameshalipia, hasa sisi tunaofanya kazi mbili na kuona likizo ni dhambi. Kwa hao umiliki uliozidi kidogo huenda ukawa dawa. Bado sipendi kuupendekeza, lakini siwezi kuapa kwamba ninakosea au kwamba niko sawa.

Nina hakika zaidi kuhusu urithi. Hati nyingi za zamani hazina mwisho, na msemo wa "utawaachia watoto" hutumika kuhalalisha ukubwa. Mtoto anarithi ada pamoja na nyumba. Si lazima apokee: sheria ya kodi ya Marekani inatambua ukataaji wa urithi uliofanywa kwa maandishi ndani ya miezi tisa tangu mzazi afariki, mradi mrithi hajaanza kunufaika nao. Waambieni watoto wenu mapema, kwa sababu akienda kulala huko hata wiki moja baada ya mazishi, anaweza kuwa ameshaikubali. Mikataba yenye ukomo ina afadhali hapo. Mikataba mingi ya hoteli za kwanza za Disney, kwa mfano, inafikia kikomo tarehe 31 Januari 2042.

Yule baba nilimpa kazi moja usiku uleule: aketi na mke wake, wachukue simu zao, wahesabu kwa picha walilala nje ya nyumba siku ngapi za likizo ya familia katika miaka mitatu iliyopita, wakiondoa harusi, misiba na safari ya nyumbani. Walipata usiku kumi na moja. Sheria ya Florida inampa mnunuzi siku 10 za kutengua mkataba, zinazohesabiwa tangu alipotia saini au alipopokea hati ya mwisho, lolote lililochelewa, na haki hiyo haiwezi kuondolewa hata kama umesaini karatasi inayodai umeiacha. Barua yao, kwa maandishi na kwa anwani iliyomo ndani ya mkataba wenyewe, iliondoka siku ya saba. Julai hii wamekodi wiki moja kwa mmiliki mwingine katika hoteli ileile, nyumba ya vyumba viwili, na bibi atakuwepo.