Lenzi ya bei nafuu kwa mtoto asiyetulia: pima sebule yako kwanza

Wazazi wengi hapa Arusha wakiniona na kamera huniuliza swali moja: "Dada, mtoto ameanza kukimbia, kila picha inatoka imeyumba. Ninunue kamera gani?" Nawajibu kwamba kamera waliyonayo inatosha. Kinachowakwamisha ni lenzi iliyokuja nayo kwenye boksi.

Lenzi hiyo, 18-55 (namba za milimita; ikiwa kubwa, picha inavutwa karibu na upana unabanwa), si mbovu. Nje, saa nne asubuhi, inafanya kazi nzuri tu. Shida inaanzia ndani ya nyumba. Ukiizumu hadi 55, tundu lake halifunguki zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), na mwanga unaopita hapo ni mdogo. Chukua sebule yenye taa moja ya dari, usiku, ISO (uwezo wa kamera kuhisi mwanga) ikiwa 1600: kamera itakupa spidi ya shata ya karibu 1/30 ya sekunde. Kumpiga bibi aliyekaa kwenye kochi, inatosha. Kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu haitoshi, maana kabla shata haijafunga ameshageuza kichwa na mguu mmoja uko hewani. Mtoto anayecheza palepale alipo anataka angalau 1/250. Anayekuja mbio anataka 1/500.

Sasa weka lenzi isiyozumu ya f/1.8. Inapitisha mwanga karibu mara kumi ya ile ya f/5.6, kwa hiyo 1/30 inakuwa kama 1/300, chumba kilekile, taa ileile. Kuna wanaoniambia lenzi yao ya kit, ile ya kwenye boksi, ina kizuia mtikisiko, zile herufi IS au VR. Ni kitu kizuri, lakini kinatuliza mkono wa mpigaji peke yake. Mtoto akisogea, picha inaharibika vilevile.

Hapo ndipo karibu kila mtu anakimbilia 50mm f/1.8, na naelewa kwa nini. Canon EF 50mm f/1.8 STM ilipotoka 2015 iliuzwa dola 125 Marekani. Hata ukiongeza usafiri na kodi, bado ni kati ya lenzi za bei ya chini kabisa unazoweza kupata mpya. Picha zake ni safi na nyuma panayeyuka vizuri. Naipenda, na naitumia. Lakini kama utampiga mwanao zaidi ndani ya nyumba, nakushauri usianze na hiyo.

Sababu ni nafasi. Kamera nyingi za wazazi, Canon 1300D au 2000D, Nikon D3200 au D3400, zina sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea picha) ndogo, na sensa ndogo inabana upana wa picha. Ukisimama mita mbili na 50mm, Canon ya namna hiyo inaona eneo la sentimita 90 kwa 60 tu. Mtoto wa sentimita 80 ataingia ukiigeuza kamera wima, lakini akiinua mkono, vidole vimekatwa. Urudi nyuma? Angalia sebule zetu: makochi yamezunguka pande tatu, katikati meza ya kioo, ukutani kabati la TV. Hiyo mita ya tatu haipo. Na mtoto mwenyewe akiiona kamera anaifuata aishike.

Kwa hiyo mwenye Nikon ya sensa ndogo namwambia moja kwa moja: tafuta AF-S DX 35mm f/1.8G. Ni lenzi ya 2009, mitumba yake ni mingi, inafokasi hadi sentimita 30, na kwa mita mbili zilezile inaona mita 1.3 kwa 0.9. Mtoto anaingia mzima, na mpira wake pia. Zingatia sana herufi AF-S. Kamera za Nikon za D3000 na D5000 na ndugu zake hazina mota ya fokasi ndani, hivyo 50mm f/1.8D ya zamani, ambayo utatajiwa kwa bei ya kuvutia, haitafokasi yenyewe. Utakuwa unazungusha kwa mkono huku mtoto ameshafika jikoni.

Upande wa Canon hakuna jibu rahisi hivyo. EF-S 24mm f/2.8 STM ni nyembamba, nyepesi, inafokasi hadi sentimita 16 na upana wake unafaa sana ndani, ila f/2.8 inapitisha mwanga pungufu ya nusu ya f/1.8. Kuna Yongnuo 35mm f/2, bei yake nzuri, lakini fokasi yake ina kelele na inasuasua taa ikiwa hafifu. Mimi ningechukua 24, nipandishe ISO hadi 3200 na kuukubali ule uchengachenga kidogo. Picha yenye chenga inatazamika, iliyoyumba haitazamiki.

Kabla hujatoa hata senti, fanya jaribio la bure. Weka lenzi yako ya kit kwenye 35, ifunge kwa selotepu isizunguke, upige wiki nzima nyumbani. Kisha fanya hivyo kwenye 50, au 24. Utajua ipi inakaa nyumbani kwako.

Neno kuhusu zumu ndefu, kwa sababu mji huu una safari nyingi na lenzi za 75-300 zinazunguka mikononi mwa watu. Ile ya Canon ya bei nafuu haifokasi chini ya mita 1.5, na ikizumiwa mwisho inarudi kwenye f/5.6. Kwa simba Tarangire mchana, sawa. Kwa sebule ya mtaa wa Sakina hapa mjini, hapana.

Ukishaipata f/1.8 yako, usiifungue mwisho kila wakati. Kwa 50mm, mtoto akiwa mita moja na nusu, eneo lililo kwenye fokasi ni kama sentimita sita: jicho safi, sikio limepotea. Akiwa anatembea nenda f/2.5 au f/2.8, weka fokasi ya kufuatilia (AI Servo kwa Canon, AF-C kwa Nikon), kaa sakafuni usawa wa macho yake, na fungua mlango wa mbele. Mwanga wa mlangoni unashinda taa yoyote ya dari. Juni na Julai, Arusha inapojifunika mawingu asubuhi, barazani kuna mwanga laini wa kupiga hadi saa tano bila kivuli kikali usoni.

Kwa mtumba, nenda na kamera yako na tochi ya simu. Ondoa vifuniko vyote viwili, mulika kutoka nyuma, tazama kupitia mbele. Punje chache za vumbi hazina madhara. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni fangasi, acha. Kisha ivishe kwenye kamera, fokasi kitu cha karibu, halafu cha mbali, mara kadhaa, ukisikiliza. Ikikwama au ikikwaruza ndani, mrudishie mwenyewe hata akipunguza bei. Na kama mtoto mmekuja naye, mwache akimbie hapo mbele ya duka, umpige picha kadhaa, uzikuze kwenye skrini hadi uone kope kabla hujalipa.