Insha Yako Ndani ya Kitabu cha Mhariri: Ni Mali ya Nani?

Fungua mkusanyiko wowote wa insha, uangalie ule ukurasa wa maandishi madogo kabla ya dibaji. Utaona herufi c ndani ya duara, mwaka, na jina la mchapishaji au mhariri. Wachangiaji wengi wakiuona mstari huo hukata tamaa: insha imeshakuwa ya huyo mwenye jina. Nami niliamini hivyo. Insha niliyokuwa nimeiandika zamani iliingia kwenye kitabu cha pamoja hapa Kenya. Sikusaini chochote, nikapewa nakala mbili. Baadaye nilipotaka kuitia katika kitabu changu, mhariri aliniambia nimwombe ruhusa. Nikaomba. Haikuwa lazima.

Dhana: Aliyekusanya ndiye mwenye insha zote.

Hapana. Mkataba wa Berne, yaani makubaliano ya kimataifa kuhusu hakimiliki, unaulinda mkusanyiko kwa sababu ya ubunifu wa kuchagua na kupanga, na papo hapo unasema ulinzi huo hauondoi haki ya kila kazi iliyomo. Kiswahili chenyewe kinatusaidia hapa: tunatunga insha, na tunatunga shanga. Mhariri ametunga shanga. Mpangilio ni wake, pamoja na utangulizi na maelezo aliyoyaandika mwenyewe, na ni kazi inayostahili heshima. Mchangiaji hana ruhusa ya kuchukua kitabu kizima, wala tanbihi za mhariri. Lakini kila ushanga una mwenyewe.

Dhana: Nilikubali kwa mdomo, kwa hiyo nimeshauza.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inataka uhamisho wa hakimiliki uwe kwa maandishi, umesainiwa na anayeitoa au mtu anayemwakilisha. Leseni ya kipekee, yaani ruhusa anayopewa mmoja tu, nayo ni hivyo hivyo. Ukimtumia mhariri insha yako kwa WhatsApp ukamwambia "itumie", umempa ruhusa ya kuitumia, basi. Unaweza kumpa mwingine pia.

Pana mtego, na ni huu unaonipa wasiwasi kuliko yote. Kama insha haikuwepo, mtu akakuagiza uiandike, sheria hiyo hiyo inahesabu kwamba hakimiliki imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Kazi uliyoiandika ukitimiza ajira yako nayo ni ya mwajiri kwa msingi huo. Kwa hiyo "nipe ile insha yako" na "niandikie insha" ni maneno mawili tofauti kabisa.

Dhana: Ukimruhusu mchapishaji mara moja, anaweza kuitumia popote.

Wanaotuma kazi Marekani wajue kesi ya Jonathan Tasini na wenzake dhidi ya New York Times. Walikuwa waandishi wa kujitegemea. Makala zao zilitolewa gazetini zikawekwa moja moja kwenye hifadhidata za kompyuta bila idhini yao. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu iliwapa ushindi, majaji 7 kwa 2. Sheria ya huko inasema pasipo makubaliano ya wazi, mwenye mkusanyiko ana ruhusa ya kuichapisha kazi yako ndani ya mkusanyiko ule, marekebisho yake, au mkusanyiko wa baadaye katika mfululizo uleule. Kuichomoa na kuiuza peke yake ni jambo jingine.

Dhana: Bila kusajili huna haki.

Haki inaanza insha inapoandikwa. Usajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, ni wa hiari, ila unafaa kama ushahidi.

Dhana: Kitabu kikizeeka, vyote vilivyomo ni vya umma.

Kenya na Tanzania zinahesabu uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, na kila insha ina hesabu yake. Katika kitabu kimoja, insha ya ukurasa wa 40 inaweza kuwa huru huku ya ukurasa wa 55 ikingali ya warithi.

Siku hizi, kabla ya kutuma chochote, naandika mistari miwili na kumwomba mhariri aisaini: naruhusu insha hii ichapishwe katika kitabu hiki pekee, hakimiliki inabaki kwangu. Tangu nianze, hakuna mhariri aliyekataa.