Ujanja wa vita haurithiwi

Wengi hapa Uganda huamini kamanda mjanja huzaliwa hivyo. Si kweli. Ujanja hufundishwa, na ndiyo maana kuna chuo cha maofisa Kimaka, Jinja. Njia yenyewe ni ya zamani: jeshi la Prussia, dola ya zamani ya Wajerumani, lilianza kutumia mchezo wa vita juu ya ramani mwaka 1824.

Maofisa hugawanywa pande mbili, mwamuzi katikati. Mpango ukishakamilika, mwamuzi anatangaza: daraja limevunjwa, mna dakika 10. Hapo ndipo akili hunyumbulika.

Zoezi huharibika "adui" anapolegeza ili mkubwa ashinde. Baya zaidi, mkubwa akisema kwanza wakati wa kujadili zoezi, wengine wote hubaki na "ndiyo afande". Aanze mwenye cheo cha chini kabisa.