Usafishaji wa majitaka wa hatua ya tatu, na kwa nini mtaa wenye visima unauhitaji

Majitaka ya nyumbani husafishwa kwa hatua. Ya kwanza ni kuyatuamisha: vizito vizame, mafuta yaelee. Kazi hiyo hata karo la uani huifanya. Hatua ya pili huachiwa bakteria, ambao hula uchafu ulioyeyuka. Hatua ya tatu, ambayo wataalamu huiita usafishaji wa hali ya juu, ni kuondoa yale yaliyowashinda bakteria hao: naitrojeni, fosforasi na vimelea vya magonjwa.

Kipimo kinachotajwa zaidi ni kiasi cha oksijeni ambacho bakteria hutumia kuula uchafu kwa siku 5. Majitaka mabichi mara nyingi huwa na miligramu 200 hadi 400 kwa lita, na kanuni za Tanzania zinataka yanayoachiwa yasizidi 30. Lakini maji yanaweza kufika 30, yakawa maangavu machoni, na bado yamebeba naitreti, yaani naitrojeni iliyoungana na oksijeni, na mayai ya minyoo.

Dar es Salaam ina mabwawa ya majitaka, kama yale ya Vingunguti na Buguruni, ila nyumba nyingi hutegemea mashimo na makaro. Mvua zikikolea, wapo wanaotapisha vyoo mitaroni usiku, na majirani wanajua. Ukitoka mjini hadi Kimbiji au Pemba Mnazi, huko Kigamboni, bomba la majitaka hakuna, na uani mara nyingi kisima na choo vinatazamana. Mchanga huchuja vimelea kwa kiasi fulani, lakini naitreti hupita nao haushughuliki nayo. Ukichemsha maji, bakteria wanakufa ila naitreti inabaki, tena inakolea kadiri mvuke unavyotoka. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya kopo: ikizidi, damu yao hushindwa kubeba oksijeni.

Naitrojeni huondolewa kwa zamu mbili. Kwanza penye hewa, bakteria hugeuza amonia kuwa naitreti. Kisha pasipo hewa, wengine huigeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni, ambayo hurudi angani bila madhara. Kiwanda kikubwa hupuliza hewa kwa mashine za umeme. Kijiji kinaweza kutumia vitanda viwili vya kokoto vilivyopandwa matete, ambavyo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimevifanyia utafiti. Kitanda cha kwanza humwagiwa maji kwa mikupuo kutoka juu, na kila yanaposhuka hewa huyafuata. Cha pili hubaki kimejaa, maji yakipita taratibu chini ya kokoto, mbu wasipate pa kutagia. Fosforasi hapo haitoki sana, kwa hiyo maji hayo ni bora yamwagiliwe migomba kuliko kuelekezwa bwawani, ambako yangeotesha mwani. Vimelea vingi huuliwa na bwawa la kina kifupi lenye jua la kutosha, au klorini; nayo klorini ikitiwa kwenye maji ambayo hayajachujwa, ni kupoteza hela bure.

Kati ya njia hizo ningechagua matete, kwa sababu mashine ya kupuliza hewa ikiungua, kamati ya maji ya kijiji haina fungu la kununua nyingine, na bakteria hawasubiri kikao. Ila matete nayo yana adui: tope. Karo linalotangulia vitanda lisiponyonywa kwa wakati, tope husogea hadi kwenye kokoto, mianya inaziba, na maji machafu yanaibuka juu yakinuka. Kwa hiyo kabla ya kuchimba, pimeni kwanza kama gari la kunyonya linaweza kufika na kugeuza mpaka karoni. Lisipofika, mtawaita vyura, wale mafundi wanaoingia shimoni kwa mikono, na tope watalifukia hapo hapo, jirani na kisima.