Kabureta ya lori la zamani: yanayosemwa na yalivyo

"Lori likimisi (injini ikiwaka kwa kurukaruka), kabureta imekufa."

Mara nyingi kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, husingiziwa. Plagi zilizochoka, pointi zilizoungua za distributa (kigawa umeme wa plagi), taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) iliyosogea au chujio la petroli lililoziba huleta dalili zilezile. Kwa hiyo kabla fundi mchanga hajafungua hata nati moja, azime injini, atoe kifuniko cha chujio la hewa, achungulie kwenye koo la kabureta huku akivuta waya wa eksileta kwa mkono. Petroli ikiruka kwa mchirizi mwembamba ulionyooka, bakuli la kabureta linalohifadhi petroli lina mafuta na pampu ndogo ya ndani inafanya kazi. Hapo akague kwanza plagi, pointi na taimingi. Petroli ikidondoka tu kama mate, au isitoke kabisa, hapo ana sababu ya kuishuku kabureta.

"Kabureta kubwa ndiyo yenye nguvu."

Injini hunyonya hewa kadiri ya ukubwa wake. V8, yaani injini ya silinda nane, ya inchi za ujazo 350, yaani takriban lita 5.7, ikizunguka mara 5,000 kwa dakika huhitaji kama futi za ujazo 506 za hewa kwa dakika, tena ikiwa silinda zote zinajaa kikamilifu, jambo ambalo injini ya kawaida haifikii. Ukiifunga kabureta ya kupitisha futi za ujazo 750 kwa dakika, hewa hupita polepole kwenye koo, mvuto wa kunyanyua petroli kutoka kwenye jeti (kitundu kinachopima petroli) hupungua, na lori husitasita kila ukikanyaga mafuta kwenye mwendo mdogo. Lori la mizigo linahitaji nguvu hukohuko chini.

"Kaza kwa nguvu zote, hewa isivuje."

Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana linaharibu kabureta mpya kabisa. Mwili wake ni wa madini laini. Ukimaliza kukaza kona moja kabla ya nyingine, kitako hupinda au sikio hukatika, na hewa uliyoiogopa ndipo inapopata njia. Nimewahi kuona injini ikipanda na kushuka yenyewe, kama mtu anayehema. Tulipoifungua, chini ya gasketi mpya palikuwa na kipande cha gasketi ya zamani, kidogo kama ukucha. Ziba kwa kitambaa safi mdomo wa manifoldi (njia ya kupeleka mchanganyiko kwenye silinda), kwangua uso mpaka uwe laini, toa kitambaa, weka gasketi moja tu, kisha kaza kwa msalaba, kidogo kidogo.

"Jeti iliyoziba huzibuliwa kwa waya."

Hapana. Shaba yake ni laini na tundu hupanuka. Tumia dawa ya kusafishia kabureta na upepo wa kompresa.

"Mpya ni ya kufunga na kuondoka."

Rudisha skurubu za mchanganyiko ndani taratibu hadi ziguse, bila kukaza, kisha zifungue mzunguko mmoja na nusu. Hapo ni pa kuanzia tu; marekebisho yenyewe hufanywa injini ikishapata moto.

Na usikubali mtu amwage petroli kooni huku mwingine akipiga stata: injini ikirudisha moto, moto huo utampata aliyeinama. Kabla ya kuwasha, kanyaga eksileta mpaka mwisho, achia, uangalie kama springi inairudisha yenyewe bila kukwama.