Je, wajua kwa nini wenye kumbi kongwe za maonyesho hukutana kila mwaka?

Jioni ya tarehe 19 Desemba 2013, watu zaidi ya 700 walikuwa wakitazama mchezo wa kuigiza katika Apollo Theatre, London, ukumbi uliofunguliwa mwaka 1901. Onyesho likiendelea, sehemu ya dari iliwaporomokea. Zaidi ya 70 waliumia. Nashukuru kwamba hakuna aliyekufa.

Ukitaka kuelewa, panda darini. Mafundi wa zama zile walimimina jasi kwenye kalibu, wakalaza kitambaa cha gunia ndani yake ili isipasuke, kisha wakavipandisha vile vipande vyenye nakshi na kuvining'iniza chini ya paa. Na kamba ya kuvishikilia ilikuwa gunia hilohilo: vitambaa vilivyochovywa kwenye jasi mbichi, vikazungushwa kwenye mbao, vikaachwa vikauke. Jasi hudumu. Gunia huoza, hasa paa likivuja. Kwa nje fundo hubaki gumu na jeupe, kumbe ndani nyuzi zimeshakuwa unga. Uchunguzi wa Apollo ulikuta mafundo ya aina hii yamechakaa.

Sasa nani atakuonyesha fundo bovu? Aliyelifunga alishafariki zamani, na mtu aliyeketi kitini haoni ila nakshi. Anayejua ni yule aliyewahi kutambaa juu ya dari kama hiyo na tochi mkononi, akakagua fundo moja baada ya jingine, na huenda yuko mji mwingine kabisa. Kumbi nyingi za aina hii zilijengwa katika miongo michache, kwa ufundi unaofanana, kwa hiyo maradhi yake nayo yanafanana. Ndiyo maana wenye kumbi hutafutana. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1976 na kuunda Theatres Trust ya kuzilinda kumbi hizo. Mwaka huohuo Marekani ikapata League of Historic American Theatres, ambayo wanachama wake hukutana kila mwaka na kuzungukia kumbi za mji uliowakaribisha. Kwangu mimi, mazungumzo ya darini yana thamani kuliko hotuba yoyote.

Jambo la pili linalowakutanisha ni pesa, kwani ukumbi usio na watazamaji hubomolewa hata kama dari yake ni nzima. Huko Cleveland, Marekani, kumbi za Ohio na State, zilizojengwa mwaka 1921, zilikaribia kuvunjwa mwaka 1972. Ray Shepardson, aliyeongoza juhudi za kuziokoa, na wenzake hawakungoja ukarabati ukamilike. Mwaka 1973 waliweka onyesho dogo la muziki katika sebule ya kuingilia ya State, kwa wiki chache tu. Watu wakaja, wakarudi, wakaleta jamaa zao, na onyesho likaendelea kwa zaidi ya miaka miwili. Kumbi zote mbili zinafanya kazi hadi leo.