Ruta "kuwaka kupitia mtandao" ni nini hasa?

Umeme wa Dar haubishi hodi ukitaka kuondoka. Ukikatika ruta ikiwa katikati ya kusasisha mfumo wake, ukirudi unakuta taa moja tu inapepesa, intaneti hakuna. Ukiipeleka Kariakoo, fundi mmoja atakuambia imekufa, ununue nyingine. Wa pili atachomoa kebo ya mtandao, afungue laptopu na kusema, "Tuiwashe kwa mtandao kwanza."

Ruta ni kompyuta ndogo. Ukiiwasha, kinachoamka kwanza ni kiprogramu cha kuanzishia, ambacho huutafuta mfumo kwenye flashi, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, kikaupakia kwenye RAM, kumbukumbu ya muda, kisha kikauachia kazi. Kuwaka kupitia mtandao ni pale kiprogramu hicho kinapoiacha flashi na kwenda kuuomba mfumo kwenye kompyuta nyingine. Kwa hiyo mfumo ukiharibika, bado kiprogramu kipo cha kuomba mwingine. Kikiharibika chenyewe, hapo yule fundi wa kwanza ana haki.

Kuomba kwenyewe kuko hivi. Ruta haina anwani bado, basi inapiga kelele kwenye kebo nzima kwa BOOTP, utaratibu wa mwaka 1985, au mrithi wake DHCP; zote ni njia za kifaa kuomba anwani kwenye mtandao. Laptopu inaijibu: anwani yako hii, faili lako lile. Faili mara nyingi hushushwa kwa TFTP, njia sahili ya kuhamisha mafaili, ambayo haina nywila wala jina la mtumiaji. Hutuma kipande cha baiti 512, husubiri "nimepata", ndipo hutuma kingine. Ni ya kizamani na haina ulinzi wowote, lakini ni ndogo kiasi cha kuenea ndani ya kiprogramu kile, na hilo ndilo linalotakiwa hapa.

Kwa ruta za kampuni ya MikroTik, fundi huchomeka kebo kwenye tundu la kwanza, huipa laptopu anwani isiyobadilika kama 192.168.88.2, huzima Wi-Fi na faiwoli (kizuizi cha mawasiliano ya mtandao) ya laptopu, kisha hufungua Netinstall, programu ya MikroTik ya kusakinisha mfumo. Hubonyeza kitufe cha riseti, huchomeka umeme bila kukiachia, na kungoja hadi jina la kifaa litokee kwenye skrini. Lisipotokea, mara nyingi mchawi ni faiwoli. Kwenye ruta nyingi za Cisco unaandika mwenyewe anwani na jina la faili ndani ya ROMMON, kiprogramu chao cha kuanzishia.

Usichanganye na PXE. Pale ni kompyuta ya kawaida inayowaka kwa mtandao, na ruta huwa upande wa kuielekeza faili liliko.

Mfumo ulioishia kwenye RAM hupotea ukizima. Netinstall huenda mbali zaidi: huuandika upya kwenye flashi, na kwa kawaida mipangilio ya zamani hufutika. Kabla hujamkabidhi fundi ruta, hakikisha unalo jina na nywila ya PPPoE (njia ya ruta kuingia kwenye mtandao wa kampuni) uliyopewa na kampuni ya intaneti, la sivyo utarudi nyumbani na ruta nzima isiyoingia mtandaoni.